Nani Alimwinua Mla Kimya?

"Mzee, wewe ni nani hata nikufungulie kabati la ofisi?"

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita. Mhariri wa gazeti la Kengele ya Milimani amesimama ofisini mwake, Iringa mjini, mgongo umebana kabati, tai imepinda. Mimi nimesimama mbele yake, bakora mkononi. Nyuma yangu yuko Saulo, fundi wa baiskeli, amekwisha kaa juu ya meza ya watu bila kukaribishwa.

Nami si mtu wa kuulizwa swali hilo mara mbili.

"Mimi," nikamwambia, "ni Bushiri bin Jaha bin Zubery. Zubery, babu yangu, alifika Usangu kutoka Pangani na mizigo sitini ya nguo, akakaa miaka kumi na minane, na muda wote huo hakuitwa barazani ila kwa kutoa ushahidi. Jaha, baba yangu, alifundisha Kurani nusu ya watoto wa mji huu, na nusu ya pili wakajifunza kwa kusikiliza dirishani. Mimi mwenyewe nilisoma shule ya Mdachi, enzi za Wajerumani, ambako hesabu iliyokosewa ilisahihishwa makalioni. Katika ukoo wetu hajatokea mtu aliyelewa, aliyesema uongo, wala aliyevaa kaptura baada ya kuoa."

Mhariri, ambaye jina lake ni Danieli, Mbena, mwana wa mzee wa kanisa la Kilutheri, alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema nasaba yangu ni njema sana, lakini kabati ni la ofisi.

Kwa wale ambao gazeti lao la juma lililopita lilifungia maandazi kabla halijasomwa, nitaeleza kwa ufupi jambo lililotufikisha hapo.

Kila Jumamosi, katika ukurasa wa sita wa Kengele, mtu ajiitaye Mla Kimya alikuwa akitupa fumbo la bao. Kete zimepangwa hivi, zamu ni ya fulani, je, afanye nini? Jibu hutoka juma linalofuata. Watu wa Mbeya na Iringa walimpenda mtu huyo kuliko walivyowapenda baadhi ya jamaa zao, nami siwalaumu, kwa kuwa nawajua jamaa zao. Jumamosi moja alitoa fumbo gumu kupita yote. Jumamosi iliyofuata tukafungua ukurasa wa sita kutafuta jibu, tukamkuta kuku anaharisha.

Nasema kweli. "Maradhi ya Kuku na Tiba Zake." Mla Kimya ameondolewa, hapana kwaheri, hapana sababu, na fumbo halikujibiwa.

Mwalimu mmoja wa Iringa alirudisha nakala yake kwa posta, ndani amefunga manyoya. Kule Rujewa wapakiaji wa mpunga walisusa kusomewa gazeti, adhabu iliyowaumiza wao peke yao. Mbeya walimwendea bwana shamba wa wilaya, ambaye hakuandika hata neno moja juu ya kuku, wakamzomea hata hivyo, isije ikawa ndiye. Nami, mkuu wa jamvi la bao lililo mbele ya duka langu la nguo mjini Mbeya, nilisimama mbele ya watu thelathini nikatoa hukumu. Nilisema kwamba yeyote aliyesababisha Mla Kimya aondolewe, hata awe nani, hatakaa tena katika jamvi letu maisha yake yote. Waislamu wakaitikia amin. Wamoraviani wakaitikia kwa sauti kubwa zaidi.

Basi tukapanda lori, mimi na Saulo. Saulo ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mikono ina mafuta na ulimi hauna breki. Ndiye mchezaji wa pili kwa ubora katika Mbeya nzima. Wa kwanza si lazima nimtaje. Mke wangu, Mwanahawa, alimpa Saulo kopo la kahawa lililoshonewa kitambaa, akamwambia ampe mwenye hoteli ya chai pale Igawa. Kopo lilichakarika. Saulo alisema humo mna karanga. Tulipofika Igawa akalipitisha nyuma ya pazia la hoteli ile, mkono ukalipokea, mtu akakohoa, tukaletewa chai yenye tangawizi nyingi mno. Sikulitilia maanani, na hilo nitalijutia mbele yenu sasa hivi.

Turudi ofisini.

Mhariri alilifungua kabati hatimaye. Hakulifungua kwa sababu ya babu yangu. Alilifungua kwa sababu Saulo alikuwa ameanza kuigusagusa mashine ya kupigia chapa, na vidole vile tayari vilikuwa vimeacha alama nyeusi juu ya barua iliyokuwa ikiandikwa kwa askofu.

Akatoa faili nene, akaliweka mezani.

"Mzee," akasema, "mimi sikumwondoa Mla Kimya. Ninyi wasomaji ndio mliomwondoa. Zimo barua arobaini na moja humu, na zote zinasema neno moja."

Nikamwambia jambo hilo haliwezekani. Akachukua barua ya juu, akaisoma kwa sauti ya mtu asomaye Zaburi.

"'Bwana Mhariri, huyu Mla Kimya wako anacheza kama mbuzi aliyelambishwa pombe. Mwinueni jamvini, akalishe kuku.'"

Saulo akainua kidole kama mtoto wa darasani.

"Hiyo yangu," akasema. "Ya mwezi wa tatu. Stempu nilinunua mwenyewe."

Mhariri alimtazama, akaitazama barua, akamtazama tena. Akamwuliza inawezekanaje mtu amkashifu mwenzake kiasi hiki, halafu asafiri siku mbili juu ya magunia ili kumtetea.

"Nimemkashifu wapi?" Saulo akauliza. "Soma vizuri, bwana. Nimesema mbuzi. Ningekuwa namdharau ningesema anacheza vizuri."

Mhariri akasoma nyingine. Bibi mmoja wa Rujewa alisema jogoo wake hudonoa kwa akili kuliko Mla Kimya, naye ainuliwe jamvini. Karani wa boma la Iringa alisema mama yake mzaa baba, ambaye ni kipofu na ni marehemu, angemfunga Mla Kimya kwa mkono mmoja, naye ainuliwe jamvini. Kila barua Saulo aliipokea kwa kutikisa kichwa, kama mtu anayesikia sifa za mwanawe, na mara mbili aliomba irudiwe.

Ndipo nilipofahamu. Ikanibidi nimfundishe mhariri yule jambo ambalo mtoto wa baraza yoyote ya bao hulijua kabla hajaota meno.

Nikamweleza kwamba katika jamvi la bao bingwa hasifiwi. Akisifiwa ataona haya, na aliyemsifu ataonekana anamwomba kitu. Bingwa hutukanwa. Kadiri anavyofunga watu ndivyo anavyoitwa mbuzi, kipofu na gunia la pumba, na yule atakaye kucheza naye hupaza sauti, "Mwinueni jamvini huyo," maana yake, mimi hapa, nipeni nami nifungwe. Mtu asiyetukanwa kwenye bao ndiye asiyetakiwa. Huyo huulizwa hali ya watoto wake.

Mhariri alikaa kitini polepole.

"Kwetu hatuchezi bao," akasema. "Baba alisema linapoteza muda wa shamba. Na kwetu mtu akiandikia ofisi kwamba fulani aondolewe, anataka aondolewe."

Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Hata hao kuku. Mimi nilidhani ni ombi la wasomaji."

Saulo alicheka mpaka akaanguka kutoka mezani. Na mimi, ambaye sicheki ofisini, nilitazama dirishani kwa muda.

Wasomaji wangu, kama mambo yangeishia hapo, ningerudi Mbeya siku ile nikiwa shujaa. Nilikuwa nimekwisha kuitafuta kofia yangu. Lakini mhariri yule, kwa bahati yangu mbaya, alikuwa mtu mkweli.

Alisema barua arobaini alizivumilia miezi mitano. Aliziona kuwa ni hasira za watu wenye joto, zitapoa. Akasema zisingemfanya amwondoe mtu anayeuza gazeti lake kuliko Injili na bei ya kahawa zikijumlishwa pamoja.

"Ni hii ya mwisho iliyonishinda," akasema. "Hii haina mzaha. Ni ya mtu msomi. Karatasi mbili, mistari imenyooka, hoja zimetiwa namba."

Akaitoa.

Niliinama kuitazama.

Herufi zilisimama wima kama askari gwarideni, kila moja na mkia wake, kama tulivyofundishwa kwa fimbo na Mdachi. Katika Nyanda zote hizi za Juu tuliobaki tunaandika hivyo tulikuwa wawili, na mwenzangu tulimzika mwaka wa njaa. Chini hapakuwa na jina. Palikuwa na sahihi isemayo "Msomaji Mwadilifu."

Saulo aliinyakua akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari. Moja, kwamba fumbo la mwisho, linalomhusu mfanyabiashara wa nguo aliyefungwa hapa Iringa zamani akiwa na kete kumi na mbili mkononi, linawavunjia heshima watu wenye heshima. Mbili, kwamba mwandishi wake ni mtu asiye na ukoo. Tatu, kwamba jibu la fumbo hilo lisichapishwe kamwe. Nne, kwamba mtu huyu ainuliwe jamvini mara moja, asirudi.

Saulo hakucheka.

"Huyu hatanii," akasema. "Huyu anataka kuua. Mzee Bushiri, mtu wetu ndiye huyu. Tukimjua tu, jamvi letu atalisikia kwa mbali."

Hapana budi niwaambieni jambo ambalo sijapata kuliandika mahali popote.

Mfanyabiashara wa fumbo lile ni mimi. Siku ya Idi ya mwaka wa thelathini na nne nilicheza bao hapa Iringa, mbele ya mji mzima, na Othmani, ndugu wa mke wangu. Nilikuwa nimelundika kete nyingi katika lile shimo kubwa tuliitalo nyumba, na kwa kuipenda nyumba yangu sikutaka kuigusa. Yeye akala kulia, akala kushoto, hata nikaona yamekwisha, na mkononi nimebaki na kete kumi na mbili sijazicheza. Kufungwa kete zikiwa zimekwisha ni ajali. Kufungwa mkononi ni aibu anayozikwa nayo mtu. Nilinyanyuka na zile kete katika ngumi yangu, nikatoka bila kuvaa viatu. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nimehamia Mbeya. Jina la Othmani halikutajwa tena nyumbani mwangu, na Mbeya hakuna aliyejua.

Niliposoma fumbo lile, miaka ishirini na mitatu baadaye, nilijiona nimesimama uchi katika ukurasa wa sita. Nikachukua kalamu. Kuku walipotokea nilijidanganya kwamba barua moja haiwezi kumwondoa mtu, nikapaza sauti kuliko wote.

Sasa fikirini. Mhariri hakuujua mwandiko wangu. Saulo hasomi barua zangu. Husoma mafumbo ya bao tu, na mabango ya biskuti. Ilinitosha kukohoa, kusema alasiri imeingia, na kuondoka na ushindi wangu. Shetani aliniandalia yote hayo, hata lori lilikuwa likipiga honi nje.

Lakini nilikuwa nimesema, si nusu saa iliyopita, kwamba katika ukoo wetu hajatokea mtu aliyesema uongo. Nilikuwa nimewaleta Zubery na Jaha ofisini mle kwa mdomo wangu mwenyewe, nao walikuwa bado wamesimama.

"Barua hii ni yangu," nikasema. "Na sikuwa natania."

Nje lori likapiga honi tena, likaondoka.

Saulo, ambaye alikuwa amekwisha rudi juu ya meza, alishuka. Aliikunja barua, akamrudishia mhariri, akajifuta mikono katika suruali.

"Kumi na mbili, Mzee?" akauliza. "Mkononi?"

"Kumi na mbili."

"Mimi nilikuwa nafikiri huyo mfanyabiashara ni mjinga mmoja wa zamani."

"Ndiye huyu."

Kisha akasema, "Ile hukumu, Mzee. Watu thelathini walisikia. Ulisema hata awe nani."

Nikamjibu kwamba nakumbuka nilichosema, na kwamba tukifika Mbeya nitakitimiza mwenyewe, mbele ya watu wale wale, hana haja ya kunisaidia. Miaka ishirini na mitatu nimekaa katika jamvi lile. Watoto wa Mbeya walijifunza kuhesabu kwa kutazama mkono wangu. Nilikuwa nimejifungia mlango kwa ufunguo wangu, mbele ya mashahidi.

Mhariri Danieli alikohoa. Alisema, kwa kadiri anavyohusika yeye, makosa yamefahamika, kuku wataondoka, na Mla Kimya anaweza kurudi Jumamosi ijayo. Tatizo ni kwamba Mla Kimya mwenyewe hataki. Alipoondolewa, mhariri alimpelekea nakala ya barua yangu iliyopigwa kwa mashine, ili ajue sababu. Jibu lake lilikuja kwa mistari miwili.

Akanionyesha. "Mwenye barua hii namjua bila kuuona mwandiko wake. Nitarudi ukurasani siku atakapokuja kukaa mbele yangu na kumaliza alichoanza."

Nikauliza mtu huyu anakaa wapi, ingawa nilikuwa nimekwisha kujua. Ni nani mwingine aliyeweza kuikumbuka kila kete ya siku ile?

Mhariri akageuza bahasha. Nyuma iliandikwa: Othmani, Hoteli ya Chai, Igawa.

Saulo alijipiga paji la uso, akaacha alama ya mafuta.

"Lile kopo," akasema. "Mzee, zile hazikuwa karanga."

Mwanahawa, wasomaji wangu. Mwanahawa binti wa watu, aliyenitilia chai miaka yote hiyo bila kutaja jina la kaka yake, alijua tangu mwanzo Mla Kimya ni nani. Zile kete kumi na mbili nilizotoka nazo Iringa nilizitupa uvunguni usiku tuliohamia. Nilidhani zililiwa na mchwa.

Tulilala Iringa, na alfajiri tukapata lori lililokuwa likishuka Usangu kufuata mpunga. Sitaeleza barabara; wengi wenu mnaijua kwa mifupa yenu. Nitaeleza jambo moja tu, nalo liliniumiza kuliko mashimo yote ya barabara.

Saulo alinisemesha kwa adabu njia nzima.

Aliniuliza kama nililala vema. Aliniuliza hali ya wajukuu. Tulipopita kilima kirefu aliniambia, "Shikilia hapo, Mzee, usije ukaumia." Saulo, ambaye miaka kumi na minne hajapata kuniita kwa jina zuri tukiwa jamvini, ambaye aliwahi kuniita godoro la hospitali mbele ya kadhi. Nikajua nimekwisha. Mwanamume yule alikuwa ananiulizia watoto.

Tulifika Igawa baada ya adhuhuri. Hoteli ilikuwa na benchi mbili, meko, na lile pazia. Safari hii sikungoja chai. Nililisogeza kwa bakora.

Othmani alikuwa amezeeka vibaya, jambo lililonifariji kidogo. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, miguu ameikunja, mbele yake bao lile lile la Iringa. Kete zilikuwa zimepangwa tayari. Sikuhitaji kuambiwa ni mpango gani. Nyumba yangu imejaa kama kichuguu, mashimo yangu mengine karibu yote matupu. Pembeni, kando ya mahali pangu, lilikuwa kopo la kahawa, kitambaa kimefumuliwa.

"Shemeji," akasema. "Kaa. Zamu ni yako."

Nikamwambia sikuja kucheza. Nimekuja kukiri kwamba niliandika barua ya chuki nikaitia jina la uadilifu, na kumwomba arudi ukurasani, kwa kuwa watu wa Mbeya na Iringa wanasumbuka bila hatia. Nikasema pia kwamba siruhusiwi kukaa jamvini, kwa hukumu yangu mwenyewe, na Saulo ni shahidi.

Othmani alimtazama Saulo. Saulo alijikuna sikio, akautazama mkeka kwa makini, kama fundi anayetazama gurudumu.

"Hukumu ilikuwa ya jamvi la Mbeya," akasema hatimaye. "Huu ni mkeka. Tena wa Igawa."

Nikavua viatu. Nikakaa.

Othmani akalimimina kopo. Zilitoka kete kumi na mbili za komwe, za kijivu, laini kwa kushikwa. Mtu alikuwa amezipaka mafuta mwaka baada ya mwaka.

"Watu husema nilikufunga," akasema. "Sikukufunga. Ulinyanyuka."

Nikalitazama bao. Sikuwa nimelitazama tangu siku ile. Nilikuwa nimeitazama aibu tu. Na pale, upande wa kushoto, karibu na pembe, palikuwa na kete mbili ndogo zilizosahauliwa. Nikiongeza ya tatu, shimo lile linakula. Likila, kete zake zinatembea mpaka nyumbani. Zikifika nyumbani, ile nyumba niliyoipenda mno, ambayo sikutaka kuigusa, inapata ruhusa ya kusafiri, kete zote zinamwagika upande wangu mzima, na mtu aliye mbele yangu ndiye anayeanza kutokwa na jasho.

Njia ilikuwapo. Ilikuwapo siku ya Idi, mji mzima ukitazama. Na hili, wasomaji wangu, ndilo lililokuwa jibu la fumbo: kwamba mfanyabiashara hakufungwa. Jibu la kunitoa aibuni lilikuwa limekwisha andikwa, lilikuwa njiani kuja ukurasa wa sita, nami nikaliandikia barua yenye namba nne kulizuia.

Nikaichukua kete moja.

Othmani akanitazama nikiichukua, akatabasamu kidogo. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyeijua njia ile kabla yangu, na aliyekuwa na miaka ishirini na mitatu ya kufikiria atakachokifanya baada yake. Nikasita, mkono hewani.

Ndipo nyuma yangu, kutoka kwenye benchi, ikapazwa sauti niliyokuwa nimeikosa tangu Iringa.

"Anangoja nini huyu? Kinyonga ana haraka kumpita. Mwinueni jamvini huyo mzee, akalishe kuku."

Sikugeuka. Mtu mwenye umri wangu haonyeshi uso wake wakati kama ule.

Nanyi vijana, mnaosoma gazeti hili mmesimama, mguu mmoja uko nje, nasema nanyi. Nimewafunulia aibu ya ukoo wenye heshima, na sikufanya hivyo ili mcheke. Mkiwa na kete mkononi hamjafungwa. Atakayewatukana jamvini mwekeni karibu, na atakayewaulizia hali ya watoto mchunguzeni. Sasa tandikeni bao, zipangeni kete kama nilivyozitaja, mtazame vizuri upande wa Othmani, maana hapo pana jambo nililoliona nikiwa nimechelewa, kete ya kumi na mbili imekwisha toka katika vidole vyangu.

Jibu atawapa Mla Kimya Jumamosi ijayo, ukurasa wa sita. Kaeni chini. Na asinyanyuke mtu.